Ndege Nilizozitua kwa Mdomo Wangu

Mwanangu Mwanaidi,

Shuleni mlifundishwa kuanza barua kwa kujuliana hali. Hali yako naijua. Asubuhi umekula kiporo cha wali, ukalalamika kwamba chai haina tangawizi, ukapanda bodaboda kwenda Kwashemshi kumuaga bibi yako mzaa baba, na jioni utarudi tule pamoja. Kwa hiyo salamu tuziache. Naandika kwa sababu mdomoni pamekataa. Wiki nzima najaribu kukuambia neno moja, na kila nikifungua mdomo najikuta nakuuliza kama umefunga soksi za kutosha.

Cherehani nimeifunika. Sare za watoto wa watu zinanisubiri, na zisubiri. Mteja akija nitamwambia fundi anaumwa, na si uongo. Tangu ulipokuja na habari ya ile kazi, sijalala usiku mzima hata mara moja. Nikisikia pikipiki inanguruma kwa mbali nashtuka nikidhani ni ndege. Nacheka na majirani, napokea hongera zao, "Mama Mwanaidi, binti anarusha ndege, tutakukamata wapi?" Wakiondoka nakaa chini.

Sitakuandikia habari za kula, kulala wala wanaume. Ya kula unajua, ya kulala huambiliki, na ya wanaume tulishayamaliza. Kuna jambo moja tu. Ukilisoma kwenye basi kesho usinipigie simu ukalia mbele ya abiria. Lisome mpaka mwisho kwanza.

Unakumbuka juzi tulipokuwa tunakula? Baba yako alikuuliza habari za huko ulikosomea, ukatusimulia siku ile mlivyoruka wewe na mwalimu wako, mkakuta mawingu yamefunga milima yote mbele yenu. Mwalimu akasema tugeuze, ukageuza. Halafu ukacheka, ukasema, "Lakini Mama, ningekuwa peke yangu ningepita tu. Bibi Mawingu angegeuza?"

Baba yako aliacha kutafuna. Mimi niliinuka kwenda jikoni kuchukua chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.

Nilisimama kule jikoni. Bibi Mawingu nimemtengeneza mimi. Yule mwanamke rubani wa zamani aliyekuwa kwenye kitabu chetu, aliyeingia mawinguni akiimba, akatokea upande wa pili penye jua, huyo nilimshona mimi kama ninavyoshona gauni. Na sasa mwanangu anakwenda kurusha kidege kwenye viwanja vya porini, peke yake, akimfuata mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Nisipokuambia leo, nani atakuambia?

Ngoja nianze mbali kidogo. Unajua nitakorofishwa na moyo nikianza karibu.

Babu yako, baba yangu, alikuwa mkata mkonge kule Hale. Shamba lao lilikuwa na kiwanja chake cha ndege, kipande cha nyasi tu katikati ya mistari ya mkonge. Ndege ikitarajiwa, babu ndiye aliyeitwa. Alifukuza ng'ombe, kisha akachoma majani mabichi ili moshi umwonyeshe rubani upepo unatoka wapi. Marubani wa siku hizo walikuja kwa kufuata reli kutoka Tanga. Mmoja akipotea alishuka chini kabisa akasome jina la stesheni ukutani, kisha akapanda tena. Petroli ilimiminwa kutoka kwenye madebe, ikachujwa kwa kipande cha ngozi laini. Mabawa yalikuwa ya kitambaa. Siku bawa lilipochanika kwenye mkonge, aliitwa mama yangu, marehemu bibi yako, na sindano yake ya magunia akaja kulishona, na rubani amesimama pembeni anamwambia, "Mama, kaza, kaza." Hayo yote nilikusimulia, nawe ulikuwa ukiniomba niyarudie mpaka nachoka.

Lakini kuna siku babu alichoma majani tangu asubuhi mpaka jua likazama, ndege haikuja. Kesho yake akachoma tena. Alikuja kutuambia mara moja tu, akatukataza kumwuliza. Wewe ulipokuwa mdogo ukaniuliza, "Na ile ndege ya moshi mwingi ilikwenda wapi?" nikakujibu kwamba mafuta yalipungua, rubani akatua Tanga, akala pilau akalala. Ukafurahi sana. Ile ndiyo ndege ya kwanza niliyoitua kwa mdomo wangu.

Baadaye vikaja vitabu. Nilinunua karanga pale stendi ya Korogwe, nikafungua karatasi, nikakuta picha ya ndege yenye mabawa mawili, na mtu amevaa miwani mikubwa anacheka. Nikarudi kwa yule mzee muuza karanga.

"Mzee, shikamoo. Kitabu ulichochana hiki, kurasa nyingine ziko wapi?"

"Marahaba. Sasa mama, unanunua karanga au unanunua karatasi?"

"Nanunua vyote."

Alinicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa na gunia zima, vitabu vya mzungu mmoja aliyehama, kila kitu kimeuzwa kwa kilo. Nikavichambua palepale chini. Vya ndege vilikuwa vichache, havina majalada, na vyote vilikuwa vimeliwa mwishoni, maana yule mzee alikuwa anachana kuanzia nyuma. Ndiyo tukawa na nyumba yenye vitabu vya marubani wa zamani, hakuna hata kimoja chenye mwisho.

Na wewe ulivyokuwa mbishi! Baada ya kula unakuja na mkeka wako chini ya cherehani. Mimi nasoma Kiingereza kimoyomoyo, kamusi pajani, nakutolea Kiswahili. Injini imezimika juu ya pori, upepo unalia kwenye waya za mabawa, simba wako chini, halafu ukurasa unaisha. Umeliwa na karanga. Wewe macho umeyatoa.

"Na hapo, Mama?"

"Hapo akatua."

"Salama?"

"Salama salimini. Wanakijiji wakampokea kwa uji."

Ningefanyaje? Ningemwambia mtoto anayekwenda kulala kwamba sijui? Kila niliyemkuta hewani nikamshusha chini mzima. Kwenye mchanga, kwenye shamba la mahindi, juu ya mto uliokauka. Mara nyingine nilimpa na mchumba. Hakuna rubani aliyekufa nyumbani kwangu, na hakuna aliyerudi alikotoka. Wote walifika. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nililijua neno hilo tangu utoto, nikalipita kama sikulisikia.

Hayo ya kurasa zilizoliwa nisamehe. Lakini ya Bibi Mawingu hayakuliwa na karanga. Ukurasa wake ulikuwepo.

Ulikuwa umeanza kujua Kiingereza. Ukawa unanyakua vitabu unasoma mwenyewe, na ulipofika pale ukakuta ukurasa haupo. Ukaniletea kitabu, ukasema, "Mama, karanga gani hizi zinakata na mkasi?" Mkato ulikuwa umenyooka sawasawa, mkono wa fundi. Nikakuambia nenda kachote maji. Ukaenda. Hukuniuliza tena, na mpaka leo sijui kama ulijua ukaninyamazia.

Niliukata mimi, nikautia jikoni kwenye makaa. Nakuandikia ukurasa ulivyosema, na naapa safari hii siongezi hata tone.

Yule mwanamke aliitwa usiku, alfajiri akaruka na dawa. Kulikuwa na mgonjwa upande wa pili wa milima, kijana, msimamizi wa shamba, na njia za chini zilikuwa zimekatika kwa mvua. Alipofika milimani akakuta wingu limekaa kwenye ule mwanya anaopitaga. Akazunguka akitafuta tundu. Akazunguka tena. Hakuliona. Hakuimba, Mwanaidi. Kuimba nilikutilia mimi, kwa sababu wewe ulipenda kuimba. Aligeuza ndege, akarudi alikotoka na dawa zake. Kesho yake wingu lilipofunguka akaenda, akakuta wamemzika.

Watu wa shamba lile hawakumsalimu tena. Alikuwa akitua pale, anapakua mizigo, mtu anampa kisogo. Yeye mwenyewe aliandika kwamba jambo hilo lilimuuma kila alipopita juu ya lile kaburi, na kwamba angerudishwa siku ileile, wingu lilelile, angegeuza vilevile. Akarusha ndege mpaka uzeeni. Wenzake wengi waliotajwa kwenye kitabu kile hawakufika huo uzee.

Sasa utaniuliza, Mama, hadithi nzuri hivyo, kwa nini uliichoma? Kwa sababu nilikuwa namkimbia baba yako.

Wewe unajua mguu wake uliharibika kwenye ajali ya gari. Hivyo ndivyo tulivyokuambia ukiwa darasa la nne, na gari ni kweli lilikuwepo. Alikuwa anaendesha lori la kubeba mahindi kutoka vijijini huko Misima kuja Korogwe, kabla ya lami. Mvua ikinyesha, makorongo yanajaa, na korongo likijaa dereva anasubiri. Anaweza kusubiri nusu siku, anaweza kulala.

Ilikuwa harusi ya mdogo wangu, mama yako mdogo. Mahindi ya shughuli yalikuwa kwenye lori la baba yako. Tukangoja, tukangoja, gari halionekani. Ikabidi tuzunguke kwa majirani kuomba unga, aibu tupu. Kesho yake ndio anaingia, mzima, na mahindi yake makavu. Alikuta korongo limejaa akageuza, akalala Misima. Wanawake tulikuwa uani tunamenya vitunguu. Badala ya kusema alhamdulillahi mume wangu amefika, nikapaza sauti, "Jamani njooni mmuone! Nimeolewa na mwanamume anayeogopa maji ya kunawia miguu!"

Uani pakaangua kicheko. Mmoja akajiwekea khanga mdomoni, machozi yanamtoka. Na mimi nilivyo, nikishapata wa kucheka sikomi. Nikamwigiza anavyopandisha suruali, nikatembea kwa ncha za vidole. Baba yako akacheka na yeye. Hilo ndilo lililonidanganya, kwamba alicheka na yeye. Harusi ikaisha, na kila alipochelewa nikamkumbusha. "Vipi, leo umekutana na umande?" Masihara tu, mambo ya mke na mume.

Mvua za mwaka uliofuata, siku moja kabla ya Idi, lori lilipinduliwa na maji palepale kwenye korongo lile. Walimkuta amekumbatia mti, mguu umesagika. Kilichomweka hai ni Mungu na huo mti.

Yuko hospitali, mimi niko nyumbani nakusomea, na sura inayofuata ni ya yule mwanamke aliyegeuza. Nilisoma mistari ile kimoyomoyo, nikahisi kila neno limeandikwa kwa ajili yangu. Nikakutazama, umelala kwenye mkeka, unasubiri. Nikakuambia aliingia mawinguni akaimba. Nilishindwa, mwanangu. Ningewezaje kukusifia mtu aliyegeuza, na baba yako amelazwa kwa sababu mimi nilimcheka alipogeuza? Asubuhi nikachukua mkasi.

Mdomo uliponza kichwa, ndivyo wasemavyo. Wangu umeponza mguu wa mtu mwingine, na sasa naogopa umekuponza wewe.

Sikuambii usiende. Nikikuambia hivyo utakwenda tu, umenirithi kichwa. Na nikikutazama ulivyo na ile sare yako, mabega yamekaa sawa (ingawa aliyeshona hiyo suruali kiunoni simjui, na asijitambulishe kwangu), moyo wangu unajaa. Uende. Lakini ujue ninachokiogopa. Mawingu siyaogopi sana, wewe umeyasomea. Nawaogopa watu. Kutakuwa na mtu wa kukuambia, "Mwenzako jana alipita, na hali ilikuwa hivihivi." Kutakuwa na abiria anatazama saa. Kutakuwa na bosi kwenye simu, anakuuliza kwa upole kabisa kama una uhakika. Na kutakuwa na mwanamke mwenye mdomo kama wangu, amesimama pembeni ya kiwanja, anawachekesha wenzake. Mimi nawajua hao watu, nimekuwa mmoja wao. Hatukumaanisha ubaya wowote.

Na sitakudanganya tena kwamba kugeuza ni bure. Yule kijana alikufa. Kuna siku utageuza na mtu atapata hasara, au zaidi ya hasara, na watakunyima salamu. Utakuja hapa na hayo machungu, na sitakuwa na dawa yake. Nitakupikia. Utalia, nitakaa na wewe.

Nilidhani barua inaishia hapo. Nilikuwa natafuta bahasha. Baba yako akaingia kutoka barazani, mikono imejaa grisi ya baiskeli za watu, anataka maji ya kunywa. Akaniona na kalamu.

"Leo cherehani imepata likizo?"

"Namwandikia Mwanaidi."

"Unamwandikia nini mtu anayekuja kula jioni?"

Nikasema ngoja nikusomee. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamsomea yote, harusi, kicheko, lile lori, na mkasi, mpaka mwisho. Miaka yote hii hatujawahi kuizungumza ile siku. Nilijiambia kwamba hakujua kina cha maji. Dereva anaweza kukosea, korongo linadanganya, linaonekana dogo kumbe limechimbika chini. Ndivyo nilivyokuwa nikilala, kwa kujiambia hakujua.

Alisikiliza amesimama, kikombe mkononi. Nilipomaliza akakaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha ule mguu.

"Hujaandika yote," akasema.

"Yapi?"

"Nilijua. Nilishuka na fimbo nikapima. Maji yalinifika magotini tu, lakini yalikuwa yananivuta, nikajua gari halipiti. Nikarudi kwenye gari. Nikaweka rivasi nirudi nyuma." Akatazama kikombe chake. "Mguu ulikuwa uko kwenye klachi, Mama Mwanaidi. Rivasi imeingia. Halafu nikakusikia unacheka, kama uko palepale kwenye kabini. Nikaitoa."

Nilitaka nimwambie nisamehe, nikajikuta namwongezea maji. Yeye hakuwa na hasira hata kidogo, mwanangu, na hilo ndilo linalonimaliza. Akanywa maji yake, akaweka kikombe, akasema, "Mwandikie hilo. Litamsaidia kuliko yote hayo." Akatoka kumalizia baiskeli.

Nimeliandika. Machozi yamelowesha karatasi, utaniwia radhi kwa wino.

Mwanaidi, mikono yako ikishaanza kugeuza, geuza. Hata ukinisikia mimi nacheka.

Mama yako